Nusu Sasa, Nusu Likikukaa

Wifi yangu ana bega moja lililoshuka. Alizaliwa nalo hivyo, na mtu asiyemjua akimwona barabarani hudhani ametoka kubeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Yeye na nguo za dukani ni paka na panya: kola inakimbilia upande, mkono mmoja wa blauzi unamfunika vidole na mwingine unaishia juu ya kifundo. Ndiyo maana akawa fundi cherehani. Anasema ilikuwa hivyo au kutembea na pini maisha yake yote.

Niseme mapema kwamba mimi ni dada wa mume wake, na mawifi hatusifiani bure. Nampenda, lakini namchokoza, naye ananirudishia na riba juu. Kazi yangu ni mapokezi kwenye kliniki ya meno, ambako kutwa nzima nawaambia watu wenye maumivu wakae wasubiri, kwa hiyo huruma yangu haipatikani kirahisi. Mkiona nimemsifu mahali, jueni amestahili.

Wifi alianza kuandika blogu zamani kidogo, watoto wake walipoanza kwenda shule na nyumba ikapoa. Aliiita Bega Moja. Humo anaeleza jinsi ya kushonea mwili usiokubaliana na vipimo vya dukani: mguu mmoja mfupi, mkono usionyooka, kifua cha mama aliyeondolewa ziwa, mtoto wa kiti cha magurudumu ambaye suruali inamkata tumboni kila akikaa. Picha anazipiga mwenyewe juu ya meza yake ya kukatia, na karibu kila picha ina kikombe cha chai pembeni au kidole gumba chake kimeingia bila kualikwa.

Wasomaji walikuwa wachache. Sitii chumvi: wote ungewaalika kwenye harusi moja na viti vya nyuma vingebaki vitupu. Kaka yangu alikuwa akimuuliza kila jioni kama hiyo kwaya yake ya wasomaji imeongezeka mtu. Lakini hao wachache walikuwa wanaandika barua ndefu, za kweli, na wifi alikuwa anawajibu wote, mmoja mmoja, huku miguu yake ikiendelea kukanyaga cherehani.

Kazi hizi zote zilifanyika kwenye chumba cha mbele. Nyumba ni ya Mama. Marehemu baba aliijenga chumba kimoja kimoja kadiri mfuko ulivyoruhusu, na cha mbele ndicho alichokimalizia kwa raha, chenye dirisha kubwa na mlango wake wa barabarani. Wifi alikuwa na cherehani mbili humo, meza, pasi na viroba vya mabaki ya vitambaa. Sisi wengine tulikichukulia kama njia. Mama alikatiza humo kwenda dukani, watoto waliingia kuchukua mkasi mzuri kukatia karatasi, na kaka yangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, alihifadhi nondo zake nyuma ya mlango. Hakuna aliyebisha. Nani abishe hodi nyumbani kwao?

Mama nimtaje vizuri, maana bila yeye hakuna hadithi. Amekula chumvi nyingi na mgongo wake umeanza kuinama, jambo ambalo hakuna anayelitaja mbele yake. Anavaa magauni mapana yanayoning'inia mbele na kupanda nyuma, na kila baada ya hatua chache mkono wake unakwenda nyuma kulivuta gauni chini. Wifi aliwahi kumwomba ampime. Mama akamjibu kwamba vipimo vyake anavijua mwenyewe, havijabadilika tangu aolewe, na mazungumzo yakaishia hapo.

Basi mwaka ule jengo alilokuwa akifanyia kazi kaka yangu likasimama, mwenye jengo akaingia mitini, na ada za watoto zikawa zinakaribia. Mama akatuita sebuleni. Akasema chumba cha mbele kina mlango wa barabarani na hakiingizi kitu, kwa hiyo kipangishwe, na wifi ahamishie vyombo vyake baraza ya nyuma. Mpangaji nilimpata mimi, sikatai. Alikuwa kinyozi, mtu mpole, alikuja kliniki kung'olewa jino na huku shavu limemvimba akaniuliza kama najua mahali pa kufungua saluni.

Baraza ya nyuma ni ya vumbi, kuku wa jirani wanapita, na mwanga wake ni wa mchana tu. Kitambaa cheupe kikikaa pale saa moja kinakuwa cha kijivu. Wifi akamwambia Mama kwamba blogu yake ina uwezo wa kulipa kodi ileile atakayolipa kinyozi, apewe tu muda. Kaka yangu akaangalia sakafu asije akacheka. Mama akampa mpaka shule zitakapofunguliwa. Kinyozi akaambiwa asubiri, naye akasema ana subira, ilimradi jino halimuumi tena.

Njia aliyoichagua wifi ilikuwa matangazo. Kuna kampuni inayokuwekea matangazo kwenye blogu yako, na kila msomaji akibonyeza tangazo, unapata kitu kidogo. Kidogo hasa. Mapato ya mwezi wa kwanza yalitosha uzi mweusi na pakiti ya sindano, na sindano zenyewe za mkono. Alituonyesha bila aibu, akasema kila kitu kinaanza hivyo.

Siku moja wakiwa jikoni Mama akamuuliza hizo pesa zinatoka vipi. Wifi akamweleza kwa nia njema kabisa. Mama akasikiliza, akafuta mikono, akaenda chumbani kwake na simu. Muda si mrefu kundi la ukoo, ambalo wifi hayumo, likalia kwenye simu zetu. Mama aliandika: "Kila mmoja abonyeze matangazo ya mke wa kaka yenu. Zamu nitapanga mimi. Yeye asiambiwe."

Inabidi mtujue. Ukoo wetu ni wa zamu. Baba alipolazwa hospitali tulimuuguza kwa zamu, harusi tunapika kwa zamu, hata shamba la bibi lililimwa kwa zamu mpaka likauzwa. Mama akishapanga zamu, mtu anaweza kukosa kazini lakini hawezi kukosa zamu. Wala msidhani alikuwa amebadili msimamo kuhusu kinyozi. Mama hakuwa na ugomvi na wifi, alikuwa na ugomvi na chumba kisicholipa. Kikilipwa na kinyozi au na blogu, kwake ni mamoja. Alikataza wifi asijue kwa sababu wifi hapendi kusaidiwa. Angekataa na kutununia.

Tukabonyeza. Mjomba alibonyeza akiwa shambani, binamu wa benki alibonyeza wakati wa chakula cha mchana, mimi nilibonyeza kati ya mgonjwa na mgonjwa. Nilifungukiwa na matangazo ya dawa za kupunguza unene na ya nyumba za kupanga katika miji ambayo sitaiona. Lakini hakuna aliyemfikia Mama. Kila asubuhi baada ya chai alivaa miwani, akakaa kwenye kiti chake, akaanza juu ya ukurasa na kushuka. Aliamini kwamba kubonyeza bila kusoma ni wizi, kwa hiyo alisoma kila kitu, tangazo na makala iliyolizunguka. Tangazo moja la matrekta lilimtaka ajaze namba ya simu, akajaza. Kesho yake akapigiwa na muuzaji wa matrekta akiulizwa ana ekari ngapi. Mama akamwambia ukweli, ana tuta moja la mboga nyuma ya jiko. Yule kijana hakukata tamaa, akauliza kama ana mpango wa kupanua. Walizungumza muda mrefu, na mwisho Mama akamshauri aoe.

Mapato yakapanda. Wifi alikuwa haamini macho yake. Alitusomea hesabu mezani, akasema neno limeanza kuenea, sasa watu wanamjua. Alitembea nyumbani akiimba. Sisi tukatazamana juu ya sahani, Mama akiwa na uso mkavu kama hajui lolote. Niliona raha, sitaficha. Nikaanza hata kufikiria nitamwambiaje kinyozi.

Halafu barua pepe ikaja. Ilikuwa ya adabu sana. Ilisema akaunti ya wifi imefungwa moja kwa moja kwa sababu matangazo yake yanabonyezwa na simu zilezile kila siku, bila anayenunua chochote, na kwamba pesa zote zimerudishwa kwa wenye matangazo. Siku ile alikuja kliniki na simu mkononi, akakaa kwenye benchi katikati ya watu walioshika mashavu, na alivyokuwa, hata bila jino bovu ungemhurumia. Alisubiri mpaka nikapata nafasi.

"Wifi," akasema, "ni nyinyi?"

Nilitaka kudanganya. Ulimi ukagoma. Nikamwambia ni sisi, wote, kwa zamu, na nikamtajia hata trekta.

Alicheka kwanza. Alicheka mpaka mgonjwa mmoja akageuka na pamba yake mdomoni. Kisha kicheko kikageuka, akalia, na mimi nikatoka nyuma ya dawati langu nikamkumbatia mbele ya watu. Kilichomuuma hakikuwa pesa. Alikuwa ameamini amepata wasomaji, kumbe ni sisi tulikuwa tunazunguka mlango uleule. Nyumbani, Mama alipoambiwa, aliuliza tangu lini kumsaidia mtoto wako kukawa kosa. Wifi akamjibu kwa upole kwamba si kosa, ila amesaidiwa mpaka amefungiwa.

Kinyozi alikuja wiki ileile kupima ukuta apate kujua kioo chake kitakaa wapi. Wifi ndiye aliyemshikia ncha ya utepe. Mimi nilishindwa kuangalia. Lakini fundi ni fundi, na wakati kinyozi ameinua mkono, wifi akaona shati lake limepanda upande wa kulia, akamuuliza kama huwa linamkaba kwapani. Kinyozi akasema linamkaba miaka yote, alidhani ni unene. Wifi akamweleza kwamba ni mkono unaoinuliwa kutwa nzima, bega limejenga, shati lilikatwa kwa mtu anayeshusha mikono. Kinyozi akasahau kioo. Waliishia kuzungumza mashati.

Jioni ile wifi aliandika makala. Hakupamba. Aliwaeleza wasomaji wake kwamba matangazo yameondoka kwa sababu familia yake imembonyeza kwa upendo, kwamba chumba kinakwenda kwa kinyozi, na kwamba picha zitakuwa na giza kidogo kwa sababu baraza haina mwanga mzuri. Nilimshauri aombe mchango. Akanijibu kwamba fundi haombi mchango, fundi anapokea kazi.

Majibu yakaanza kuingia kabla chai yake haijapoa. Wengi walicheka habari ya trekta. Lakini lilikuwepo jibu la mzee mmoja anayejiita Mkono Mmoja, ambaye amekuwa akimwandikia tangu mwanzo. Wifi alinisomea kwa sauti: "Mwanangu, matangazo yako sijabonyeza hata moja. Muda wote huu nilikuwa nangoja uniuzie shati."

Kumbe mwenye kuandika habari za mashati alikuwa na watu waliotaka mashati, na yeye alikuwa anawauzia matrekta.

Kushona na kutuma mbali hakuweza, gharama za njiani zingemla. Akaamua kuuza karatasi za kukatia. Msomaji anajipima kwa maelekezo yake, anamtumia vipimo, yeye anachora umbo la nguo la mwili huo na si mwingine, kisha msomaji anampelekea fundi wa mtaani kwake. Na malipo akaweka kama alivyozoea na wateja wa chumba cha mbele: nusu sasa, nusu likikukaa. Nguo ikishashikizwa kwa pini, msomaji apige picha mbele, nyuma na ubavuni, wifi arekebishe, na ikikaa sawa ndipo amalizie malipo.

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikamwambia mteja wa mtaani ana mlango unaoujua, ila mtu wa kwenye simu akishapata karatasi zake, nusu ya pili utaifuata kwa miguu?

"Wewe nguo zote zinakukaa, wifi," akasema. "Hujui."

Nilitazama sketi yangu, niliyoinunua dukani nikaivaa siku hiyohiyo.

Kazi zikaja. Si nyingi, lakini wasomaji wachache walioandika barua ndefu walikuwa pia na dada, na jirani, na mtoto. Wifi alifunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye msumari juu ya nondo za kaka na kutundika picha zao: migongo, mabega, makalio yaliyopinda, yote yakiwa na pini. Mtu akiingia alidhani ni ofisi ya daktari. Kinyozi naye alileta kitambaa cha shati, akaacha nusu mezani bila kuulizwa. Na nusu za pili zikafika. Mkono Mmoja alituma yake pamoja na picha, amesimama wima, mkono mmoja wa shati umefupishwa na kumaliziwa vizuri badala ya kukunjwa na pini. Aliandika kwamba bintiye ameuliza nani kamvalisha. Mwanamke mmoja alichukua karatasi akapotea, na nilipomkumbusha wifi kwamba nilisema, akaniambia huenda halijamkaa.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, wifi aliingia sebuleni na bahasha akaiweka mbele ya Mama. Ilikuwa kodi ya chumba, kamili, ileile ya kinyozi. Kaka yangu aliinuka kumpongeza, lakini yeye alikuwa hajamaliza.

"Mama, sasa mimi ni mpangaji," akasema. "Naomba ufunguo. Na kama ningekuwa kinyozi, mngebisha hodi."

Nilisubiri dari ianguke. Mama aliitazama bahasha, akamtazama yeye. Hakuifungua. Akamwita kaka yangu, akamwambia nondo zitoke nyuma ya mlango kabla ya jua kuzama, kisha akatoa ufunguo kwenye mkufu wake wa funguo, kwa tabu, maana ulikuwa haujawahi kutoka. Kinyozi nilimpeleka mimi mwenyewe kwenye kibanda karibu na soko, na mpaka leo wateja wa wifi wanaohitaji kunyolewa wanatumwa kwake.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwa wifi, nimekaa kwenye kigoda nikingoja anipunguzie sketi, ileile niliyodhani inanikaa, ambayo tangu siku ile ilianza kunisumbua kiunoni. Mlango wa ndani ukagongwa.

"Hodi."

Tulitazamana. Sauti ilikuwa ya Mama. Wifi akaweka mkasi chini, akasema karibu, na Mama akaingia kwa mlango wa nyumba yake mwenyewe akiwa amevaa viatu vya kutokea na mkoba mkononi, kama ametoka safari. Akaangalia picha kwenye kamba, moja baada ya nyingine. Kisha akafungua mkoba, akaweka noti mezani.

"Nusu," akasema.

Wifi hakuelewa, au alielewa akaogopa kuelewa. Mama akavuta kiti, akakaa.

"Ile makala ya mama anayeinama mgongo," akasema. "Kwamba nyuma ikatwe ndefu zaidi ya mbele. Niliisoma wakati nabonyeza. Niliisoma kila siku." Akamgeukia wifi. "Ulikuwa unamwandika nani?"

"Mteja ambaye alikuwa hajaja," akasema wifi.

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu. Akavua shali, akaikunja, akasimama na kumgeuzia mgongo. Nilikuwa sijauona mgongo wa mama yangu kwa miaka mingi. Machozi yalinitoka bila ruhusa, na Mama, bila hata kugeuka, akaniambia nitoke nje kwa sababu watu wanapimwa. Nikatoka na sketi yangu mkononi, nimejifunga kitambaa cha kukatia, nikasimama ukumbini kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Gauni lilikuwa la bluu, na alikwenda kulijaribu wakati na mimi nipo, nikiwa nimebisha hodi kwanza. Alisimama mbele ya kioo, akapiga hatua chache kwenda dirishani, akarudi. Mkono wake ukaenda nyuma kulivuta chini, kama ulivyozoea, ukakuta hakuna cha kuvuta. Ukakaa pale kidogo, umetulia juu ya kitambaa. Kisha Mama akauliza mkoba wake uko wapi.